Simbamarara wa Hamamu ya Korongo

Mwaka wa tatu wa vita na Wamarekani, katika mji wa bandari wa Kure, siri za jeshi la majini zilihifadhiwa mahali pawili: ndani ya kasha la chuma kwenye makao makuu, na ndani ya maji ya Hamamu ya Korongo. Kasha lilikuwa na walinzi wenye bunduki. Maji yalikuwa na Tora.

Kila alasiri Tora alipanda kwenye kizimba chake, kiti kirefu kilichowekwa katikati ya mlango wa wanaume na mlango wa wanawake, akafungua biashara. Kutoka huko juu aliviona vyumba vyote viwili vya kuvulia nguo kwa pamoja, kama hakimu aliyepewa kesi mbili. Miili ya watu ilikuwa imeacha kumshangaza tangu akiwa msichana. Alichokuwa akikitazama ni maji. Manowari zikiwa bandarini, mabaharia walijaa hadi uani, na jioni haijaisha birika kubwa la kuogea lilikuwa limegeuka rangi ya kijivu na uzito wa uji. Manowari zikiondoka, maji yalibaki safi, unaona kila kigae cha chini. Na ziliporudi, Tora aliliangalia birika lile mara moja tu akajua, kabla ya mke wa admirali yeyote, kama zilikuwa zimerudi zote.

Ofisa mmoja wa polisi wa jeshi aliwahi kuja kumhoji.

"Wewe huko juu unaona nini?"

"Migongo, bwana."

"Na unasikia nini?"

"Wengine wanasema maji yanaunguza. Wengine wanasema yamepoa. Maji ni yaleyale."

Ofisa aliridhika kwamba mwanamke huyu ni mjinga, jambo ambalo kwa kazi yake lilikuwa habari njema, na kesho yake akarudi kuoga.

Jina lenyewe la Tora lilikuwa tatizo. Maana yake ni simbamarara, na alipewa kwa sababu alizaliwa katika mwaka wa mnyama huyo, katika ile hesabu ya miaka kumi na miwili ambayo kila mwaka una mnyama wake. Binti wa mwaka wa sungura hana neno. Binti wa mwaka wa ng'ombe ni mvumilivu, mkulima yeyote atamchukua. Lakini simbamarara ni mnyama wa kwenda mbali kupita kiasi na kurudi kutoka huko huko mbali. Kwa hiyo binti wa mwaka wake, ukimwoza, atarudi. Familia nyingi zilipopata msiba huo zilimwandikisha mtoto mwaka uliofuata, zikanyamaza. Baba yake Tora, mwenye hamamu, alikuwa mtu mpenda ukweli, hasa ukweli utakaomuumiza mtu mwingine. Alimpa mtoto jina la mnyama mwenyewe, ili washenga wasipate taabu ya kuuliza.

Hata hivyo aliolewa. Aliolewa na Teiji, mwana wa akina Nomura, wachonga mawe ya makaburi wa kule kilimani, kijana aliyekuwa tayari anakohoa vumbi la mawe na ambaye naye hakuwa akigombewa. Walizaa mtoto wa kiume, Shunkichi. Mwaka wa tatu wa ndoa, mama mkwe, Bi Ritsu, alichoka kumvumilia mkwe wa mashoto. Alisema wali uliopakuliwa kwa mkono wa kushoto haushibishi. Tora alirudishwa kwa baba yake pamoja na sanduku lake, nguo zake na kioo chake. Mtoto hakuwamo katika vitu vya kurudishwa. Mtoto ni wa ukoo.

Baadaye Teiji alikufa kwa kifua chake, na kilimani wakabaki wawili, bibi na mjukuu. Mjukuu alipoanza kuuliza maswali aliambiwa kwamba mama yake alikufa kwa homa. Tora alipata habari za kifo chake mwenyewe kutoka kwa muuza samaki, akashukuru kusikia kwamba hakuteseka sana. Jiwe hawakumchongea. Bi Ritsu hakuwa mtu wa kupoteza jiwe zuri.

Basi Tora alikaa kwenye kizimba, akamzika baba yake, akairithi hamamu. Kisha vita ikaja, na taifa zima likagundua kwamba linahitaji sana kitu kinachokwenda mbali na kurudi.

Kila kijana aliyeitwa vitani alitafutiwa mshipi wa tumbo, kitambaa cheupe ambacho wanawake elfu moja walikitia kila mmoja mshono mmoja wa uzi mwekundu na kuufunga fundo. Mama au dada wa kijana alisimama kituo cha gari moshi au sokoni na sindano, akimwomba kila mwanamke apitaye. Mshono mmoja, mtu mmoja. Ila mwanamke wa mwaka wa simbamarara: yeye aliruhusiwa kushona mishono sawa na umri wake, na mishono yake ndiyo iliyotafutwa zaidi, kwa sababu ndiyo itakayomrudisha mtu.

Kwa hiyo wanawake walewale waliokuwa wakimtazama Tora kwa huruma walianza kupanga foleni mlangoni kwake.

"Dada Tora, una miaka mingapi vile?"

"Arobaini na mitatu."

"Huwezi kuwa na hamsini?"

"Nikiwa na hamsini nakuwa wa mwaka wa kondoo, mama. Unataka mwanao alindwe na kondoo?"

Haikuwahi kutokea mjini hapo kwamba mwanamke aombwe kuongeza umri. Aliyeshinda wote alikuwa Bi Hisa, muuza tofu, simbamarara wa mzunguko wa nyuma zaidi, mwenye miaka sitini na saba. Vidole vyake vilitetemeka na mafundo yake yalilegea kama kamba za viatu vya mlevi, lakini watu walihesabu umri, hawakukagua mafundo. Bi Hisa alikuwa akipita mbele ya hamamu na kusema kwa sauti, "Bado kijana wewe, Tora. Utafika tu."

Lakini Tora alikuwa na jambo alilolijua peke yake. Kwa sababu ya mashoto yake, mafundo yake yaligeukia upande wa pili. Mabaharia walipovua nguo na kukunja mishipi yao juu ya makapu, aliyatambua kutoka kizimbani: ule wangu, ule pia, ule si wangu. Na manowari ziliporudi, aliitafuta tena. Akaona kwamba mishipi yenye mafundo yake ilirudi kama mishipi mingine ilivyorudi, na ilipotea kama mingine ilivyopotea. Simbamarara hakuwa amemrudisha mtu hata mmoja zaidi ya bahati yake. Huenda alikuwa simbamarara pekee nchini aliyepata nafasi ya kuyaona matokeo ya kazi yake. Hakumwambia mtu. Mwanamke amesimama mbele yako na sindano, utamwambia nini? Alishona.

Msimu wa mvua ulipokaribia, siku moja, kabla ya saa ya kufungua, Tora alikuwa amepiga magoti akisugua vigae. Kazi hiyo ilikuwa ya mzee Gonroku, msugua migongo wa wateja, lakini Gonroku alikuwa amechukuliwa kwenda karakana ya manowari, na tangu hapo wateja walijisugulia wenyewe pale mkono ulipofika. Mlango wa nyuma ukafunguka. Aliingia Bi Ritsu. Hakuwa amekanyaga hapo tangu siku ya posa.

"Tora."

"Mama. Karibu. Hatujafungua."

"Sikuja kuoga. Nyumbani nina birika langu."

"Nalijua. Nimeliosha miaka mitatu."

Bi Ritsu alikuwa amezeeka kwa namna yake, yaani hakuinama, alikauka tu. Alitoa kitambaa kilichokunjwa vizuri akakiweka juu ya ukingo wa birika.

"Wa Shunkichi," alisema.

Tora alikausha mikono yake. Alichukua muda mrefu kuikausha.

"Wamemchukua?"

"Jeshi la majini. Amemaliza mafunzo. Karibuni anapanda manowari."

"Ipi?"

"Unaniuliza mimi? Kwani wanatuambia?"

Tora alikikunjua kitambaa. Mafundo mekundu yalikijaa kwa safu, karibu yote, isipokuwa kipande kimoja cheupe katikati, mahali pa kitovu.

"Ungempelekea Bi Hisa. Ana sitini na saba."

"Nimempelekea. Yake haya hapa, tazama yalivyolegea. Mtu atakwenda vitani na haya?"

"Na hapa katikati?"

"Hapo niliacha."

"Uliacha lini?"

"Tangu mwanzo niliacha," alisema Bi Ritsu, akatazama bomba la maji kama lililomkosea adabu.

Tora hakuwa mtu wa kulipiza, lakini hakuwa pia mtu wa kuacha jambo tamu lipite bure.

"Si wewe uliyesema simbamarara ni balaa?"

"Nilisema wanarudi. Nimebadilisha neno gani? Nimekuja kwa sababu hiyohiyo."

Hapo Tora aliona kwamba kizee hiki kilikuwa kimesimama na hoja moja tu maisha yake yote, na vita ndiyo iliyozunguka ikaja kuikuta.

"Nitashona," alisema. "Lakini kabla hajaondoka, aje aoge hapa. Mara moja tu."

"Anajua umekufa."

"Maiti hakai kizimbani. Hatanishuku."

"Hutamwambia neno, Tora. Mtoto anakwenda baharini. Huwezi kumpasulia dunia halafu ukampandisha chombo."

"Nitamwambia ninayomwambia kila mtu. Vua viatu pale. Sabuni isiachwe chini."

Bi Ritsu alifikiri, akakubali kwa kichwa, akaelekea mlangoni. Kisha akageuka.

"Na usishangae ukimwona anashika vitu kwa mkono wa kushoto. Nimejaribu. Nilimfunga mkono na kitambaa akiwa mdogo, akajifunza kufungua fundo kwa meno."

Tora alishona mishono yake arobaini na mitatu siku hiyohiyo. Alijua kuliko mtu yeyote mjini kwamba haina kazi. Mmoja ulikaa vibaya, akaufumua, akaurudia, ukakaa vibaya tena, akaufumua mara ya tatu.

Shunkichi alikuja jioni moja na kundi la mabaharia wenzake, wakipiga kelele ya watu walioambiwa wafurahi. Tora alimtambua kabla hajavua kofia, na alikasirika kidogo kuona kwamba alifanana na Teiji. Kijana alivua viatu pale panapotakiwa. Alichukua kapu kwa mkono wa kushoto. Pamoja naye alikuwa rafiki yake, Masuo, kijana mwembamba wa shamba, ambaye bahari aliiona mara ya kwanza siku aliyovalishwa kofia ya baharia.

"Shangazi, maji yakoje leo?" Shunkichi aliuliza.

"Ya moto. Ila wenzako wa chombo kingine wametoka sasa hivi. Ni supu."

"Supu nzuri. Kule kwetu tunapewa maji ya kuoshea mchele tunaambiwa supu."

Wenzake wakacheka. Alivua mshipi wake, akaukunja, akauweka juu ya nguo. Masuo akaunyanyua ncha.

"Kaka, mafundo yako haya yamegeuka. Aliyeshona alikuwa amelewa."

"Acha hiyo. Hayo ni ya simbamarara. Bibi yangu amemtafuta kwa shida."

"Wangu hauna simbamarara hata mmoja. Kijijini kwetu wote ni wa mwaka wa panya."

"Basi kaa karibu yangu."

"Vijana," alisema Tora kutoka juu, "mlango. Baridi inaingia."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Shunkichi aliteremka kwenye chumba cha maji, na Tora aliutazama mgongo wake kwa muda wote ambao heshima ya kizimba inaruhusu, yaani muda mrefu sana, kwani kutazama ndiko kazi yenyewe. Bega la kushoto lilikuwa limejaa kuliko la kulia. Katikati ya mgongo, pale mkono usipofika, povu la sabuni halikufika. Vidole vya Tora vilishika ukingo wa kizimba. Gonroku hayupo, alijiambia, na mwenye hamamu hashuki kusugua migongo ya mabaharia, watu wangeuliza.

Alipotoka alikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Shangazi, nikirudi nitakuja tena. Maji yako yana nguvu."

"Ukirudi ujisugue kwanza nje ya birika, ndipo uingie. Sabuni kwanza."

"Hilo bibi yangu ananiambia tangu sijaota meno."

"Basi ana akili," alisema Tora, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumsifu Bi Ritsu.

Manowari ziliondoka. Maji yakawa safi.

Haukupita muda Bi Ritsu alitokea kwenye mlango wa wanawake na kitambaa chake cha kuogea.

"Birika la nyumbani limepasuka," alisema.

Birika la Bi Ritsu lilikuwa la chuma, nene kama kidole. Tora alimkaribisha. Kuanzia siku hiyo alikuja kila jioni, na birika lake halikupata fundi mpaka vita ikaisha. Aliingia majini mpaka kidevuni, akakaa, na alipotoka aliuliza swali lake lilelile, huku akijifanya anatafuta kandambili.

"Upande ule maji yakoje leo?"

"Safi."

"Safi sana?"

"Naviona vigae, Mama."

Bi Ritsu hakuwa amewahi kuelezwa jinsi ya kusoma maji. Alikuwa ameelewa mwenyewe.

Majira ya vuli redio ilianza kupiga muziki wa manowari, kisha msomaji akatangaza kwa sauti ya mtu aliyeshiba kwamba huko Ufilipino jeshi letu la majini limezamisha meli za Wamarekani, akazitaja kwa aina na idadi, na za kubeba ndege zikiwamo. Kwa hesabu ya redio, Wamarekani walikuwa wameshamaliza meli zao mara mbili na sasa walikuwa wanapigana kwa kuogelea. Wanawake katika chumba cha kuvulia nguo walipiga makofi. Bi Ritsu naye alipiga. Kisha akasogea chini ya kizimba.

"Umesikia? Wamezizamisha zote."

Tora alitazama upande wa wanaume. Kulikuwa na wazee wawili na fundi mmoja wa baiskeli.

"Nimesikia. Basi wetu wanarudi lini kuoga?"

"Nyamaza, utafungwa."

"Nimeuliza habari za kuoga tu."

Baadhi walirudi, na birika likapata wingu, wingu tu. Tora alitazama makapu. Mishipi ilikuwa michache. Wa Shunkichi haukuwamo. Wale waliorudi walioga bila kelele, na ukimuuliza mmoja wao habari za chombo fulani alianza kujisugua kisigino kwa bidii.

Barua ya kifo haikuja kilimani. Barua ya uhai pia haikuja. Majirani, kwa wema wao, walianza kumshauri Bi Ritsu. Mjini watu walikuwa wanapokea visanduku vyeupe vya mifupa visivyo na mfupa ndani, na wote walitaka mawe. Mchonga mawe, walisema, asije akachelewa kwa mtu wake mwenyewe.

"Ninalo jiwe moja zuri," Bi Ritsu alimwambia Tora jioni moja, akiwa amekaa kwenye ngazi ya kizimba kama mtu wa nyumbani. "Jeusi, halina ufa. Kila mteja analitaka."

"Kwa nini huliuzi?"

"Nimeligeuzia ukutani. Sitaki linitazame."

Tora alimmiminia chai, kama maji yale ya moto yenye majani yaliyochemshwa mara ya nne yanastahili jina hilo. Akampa kwa mkono wa kushoto, kwa kusahau. Bi Ritsu alikipokea kikombe, akanywa mpaka majani.

"Wali wako," alisema mwishowe, "haukuwa mbaya."

Ilikuwa imechukua karibu miaka ishirini na jeshi zima la majini kuyafikisha maneno hayo. Tora alisema asante, akaongeza kuni.

Baridi ilipokaza, kuni zilikuwa mbao za mashua mbovu, zilizoshika chumvi na kutoa moto wa kijani. Jioni moja, watu bado hawajaingia, mlango wa wanawake ulifunguliwa kwa kishindo na Bi Ritsu akapita mbio, akihema. Hakusalimu. Hakuwa na kitambaa. Alivua akiwa anatembea, akaingia chumba cha maji, akafunga mlango. Tora alibaki ameshangaa. Mwanamke huyu alikuwa amesahau kitambaa cha kuogea. Angeweza kusahau jina lake kwanza.

Ndipo mlango wa wanaume ukasukumwa.

Alikuwa amekonda, na nywele zilikuwa zimeungua upande mmoja zikaota upya kama za mtoto mchanga. Alisimama miguu imetanuka, kama mtu ambaye sakafu bado inamyumbia. Akavua viatu, akavipanga pale vinapotakiwa. Kisha akainua uso kutazama kizimbani.

"Nimerudi," alisema.

Mteja anayeingia hamamuni hasemi hivyo. Mteja husema habari za jioni. Neno lile mtu hulisema anapoingia kwao, na aliyemo ndani hulijibu kwa jibu lake. Katika miaka yote aliyokaa juu ya kile kiti, Tora hakuwahi kulijibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akirudi kwake. Sasa alilitafuta jibu, akalipata, likatoka kavu kama tangazo la serikali.

"Karibu nyumbani."

"Bibi kaniambia niende nikaoge kwa mama."

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo, na kwamba ni wewe uliyeshona mafundo yale, halafu akakimbia. Sijawahi kumwona bibi akikimbia."

Tora aliwageukia wanawake wawili waliokuwa wameingia upande wa pili na watoto wao, akawaambia wajihudumie. Kisha akashuka kizimbani upande wa wanaume, akakunja mikono ya nguo, akachukua beseni na kitambaa kigumu cha Gonroku kilichokuwa kimening'inia tangu mwenyewe aondoke.

"Kaa hapo. Geuka."

Alikaa kwenye kigoda cha mbao, akageuka. Mafuta ya manowari yalikuwa yameingia mwilini mwake yakapanga chumba. Yalikuwa kwenye mikunjo ya shingo, chini ya kucha, ndani ya masikio, na mgongoni yaliacha rangi kama ya kivuli.

"Nimeoga mara nyingi," alisema. "Hayatoki."

"Umeoga bila mtu wa mgongo."

Akaanza kusugua. Kijana alizungumza akiwa ametazama ukuta, taratibu, kama anayesimulia safari ya mtu mwingine. Ndege zilikuja asubuhi. Chombo kilipigwa ubavuni, kikapigwa tena, kikalala upande kama mtu aliyechoka. Walielea katika mafuta mazito, wengi, wakiimba ili wasilale. Masuo alikuwa anatetemeka. Hakujua kuogelea, alikuwa ameshika kipande cha ngazi.

"Mshipi nilimpa yeye. Nilimfunga kifuani. Alisema anataka wenye simbamarara." Akafuta uso kwa kiganja. "Kulipokucha ngazi ilikuwapo. Yeye hakuwapo. Mama, haukufanya kazi. Nisamehe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita, na ilikuja katikati ya sentensi nyingine, kama kitu cha kawaida. Tora alichovya kitambaa, akakikamua.

"Mshipi ulimpa joto?"

"Kidogo. Alisema umempa joto."

"Basi. Kile ni kitambaa, mwanangu. Kazi ya kitambaa ni hiyo."

Ukuta uliotenganisha wanaume na wanawake haukufika darini. Waume na wake walizoea kurushiana sabuni juu yake. Sasa juu yake ikapita sauti ya Bi Ritsu.

"Msugue nyuma ya masikio! Huyo hajui kuoga, tangu mdogo!"

"Tangu mdogo lini, Mama? Mimi nilipomwacha alikuwa msafi!"

"Ulimwacha hana meno! Nani angechafuka hana meno?"

"Na kitambaa chako uko nacho?"

Upande wa pili maji yalichapwa mara moja.

"Nirushie kimoja," alisema Bi Ritsu.

Tora alirusha kitambaa juu ya ukuta kwa mkono wa kushoto. Shunkichi aliyasugua masikio yake mwenyewe, akacheka kidogo, kisha hakucheka tena, na mabega yake yakaanza kwenda juu na chini. Tora alimwagia maji ya moto, beseni baada ya beseni, kwa sababu mtu aliyelowa hivyo huwezi kujua analia au anaoga.

Alipomaliza alimwonyesha birika. Kijana aliingia polepole, akazama mpaka kidevuni, kama bibi yake. Kutoka kwenye ngozi yake utepe mweusi ukatoka, ukatawanyika, ukafunika vigae. Jioni nyingine yoyote wateja wangelalamika. Chombo chake kilikuwa kikijaza hamamu hiyo hadi uani, watu wakisukumana mlangoni na kupigania makapu. Jioni hiyo alikuwamo yeye peke yake, na maji yalikuwa meusi kuliko siku zote za vita.

Tora alisimama akiyatazama. Kisha akaenda nyuma kuongeza kuni, yasije yakapoa.